Simu haijatuvisha sare

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nijibu hoja ambayo imeandikwa na kurudiwa mara nyingi, na ambayo nimeisikia hata msibani na ndani ya bajaji: kwamba tangu watu waanze kununua nguo na vyombo kwa simu, kila mtu amepoteza jicho lake, sote tumekuwa kama wanafunzi waliovishwa sare, na maduka madogo ya mitaani yamebaki yakipigwa na vumbi. Hoja hiyo si ya uongo mtupu, na nitaifikia chembe yake ya ukweli. Hata hivyo, kwa mtu anayeishi Songea, zaidi ya kilomita 900 kutoka Kariakoo, mambo yamekwenda kinyume chake, na nadhani wakazi wa Dar es Salaam, ambao wakiwa wamesimama kwenye duka la kumi tayari wanaliona la kumi na moja, hawajapata sababu ya kulitazama jambo hili kutoka upande wetu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilizaliwa Pangani, nikaletwa Ruvuma na barua ya uhamisho mwaka 1989, na sikurudi tena. Katika miaka yote niliyofundisha, kanga niliyoivaa ilikuwa ile ambayo mwenye duka aliamua kunivisha. Wafanyabiashara wetu walipanda basi hadi Dar es Salaam, wakafunga marobota, wakarudi nayo, na hesabu yao ilikuwa sahihi: duka linalotegemea wateja wa mtaa mmoja haliwezi kuchukua doti moja moja za kila aina, kwa hiyo huchukua robota la ile iliyouzika haraka mwezi uliopita. Ndiyo maana ungeweza kuingia kwenye mahafali ya darasa la saba ukakuta akina mama thelathini wamejifunga kanga moja, rangi moja na jina moja, yaani maneno yaleyale yaliyochapishwa juu yake, wala hapakuwa na kamati iliyopanga. Nikisikia leo kwamba sare imeletwa na simu, hujiuliza msemaji alikuwa akiishi wapi wakati huo.

Nilichokuwa nacho mimi ni kutopenda tu. Nilijua kwamba sipendi maua makubwa ya njano, na kwamba majina ya kumsuta jirani hayanihusu, maana jirani zangu sina ugomvi nao. Lakini anayejua asichokipenda bado hajajua anachokipenda, na ili alijue hilo la pili anahitaji kuonyeshwa, kuulizwa na kulinganisha. Miaka mitatu iliyopita binti wa marehemu dada yangu, anayefanya kazi Dar es Salaam, aliniunganisha kwenye kundi la WhatsApp la mwanamke mmoja mwenye fremu ya kanga na vitenge. Nilimwandikia kwamba naomba kanga nzuri. Jibu lake ninalo kwenye simu hadi leo: "Shikamoo mama. Zote nzuri mama yangu, ila niambie, unapenda pindo jembamba au pana? Mji uwe mtupu au uwe umejaa? Na jina nikutafutie la dua, la mapenzi au la fumbo?"

Nilikuwa na umri wa miaka 61, Mhariri, na hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza maswali hayo, ya pindo linaloizunguka kanga wala ya mji, yaani sehemu yake ya katikati. Nilikaa siku mbili sijajibu, kwa sababu jibu sikuwa nalo. Nikatoa sandukuni kanga chache za mama yangu zilizobaki, nikazitandaza kitandani na kuzitazama kwa makini kama mtu anayesahihisha mitihani, ndipo nikaona kwamba karibu zote zina pindo jembamba na mji wenye madoa madogo, na kwamba ile niipendayo kuliko zote ni kisutu, kanga ya zamani ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo kwetu pwani bibi harusi hakosi. Nikamwandikia hivyo. Baada ya wiki moja alinitumia picha sita, na tangu hapo hanisumbui kwa picha za kila robota linalofunguliwa, hunitumia zile tu anazojua zitanifaa, na chini yake huandika, "Hii nimekuwekea mama."

Nakuomba ulitazame neno hilo, "nimekuwekea". Mwenye duka analisema kwa mtu ambaye anamjua jicho lake, na zamani lilisemwa kwa wale waliokaa jirani na duka au waliokuwa na pesa nyingi. Mimi sina hata kimoja kati ya hivyo viwili, nami nimewekewa.

Kununua kitambaa ambacho hukukishika kuna hatari zake, na hapo ndipo nilipojifunza mengi kuliko miaka yote ya kushika. Dukani nilizoea kuipapasa kanga, nikaiona ngumu, nikadhani ni nzito na imara, kumbe ugumu ule ulikuwa wanga uliopakwa kiwandani, na ukiifua mara moja unabaki na kitu kama chandarua. Sasa, kwa kuwa mkono wangu haufiki, nimelazimika kuuliza. Namwomba muuzaji aitoe kanga nje na kuipiga picha kivulini mchana, maana taa za dukani huifanya rangi ya damu ya mzee ionekane zambarau. Namwomba aiinue mbele ya dirisha nione mwanga unapenya kiasi gani. Siku moja aliponihakikishia kwamba kanga fulani ni pamba tupu, nilimwomba achomoe uzi mmoja pindoni na auchome kwa kiberiti huku akirekodi. Alicheka, lakini akafanya. Uzi uliwaka taratibu ukaacha jivu laini, kama karatasi. Ungekuwa na polyester ungejikunja, ungeyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Siku hizi video kama hiyo huwatumia wateja wengine bila kuombwa, na ameniambia kwamba amewahi kumrudishia muuzaji wa jumla robota mbili baada ya kuchoma uzi mwenyewe na kuona kidonge. Sidhani kama angefanya hivyo kwa ajili ya wateja waliosimama mbele yake, kwa sababu waliosimama mbele yake walipapasa wanga wakaridhika.

Sasa nije kwenye hoja ya maduka madogo. Msomaji anayeijua Kariakoo anajua kwamba fremu ya chini inayotazama barabara haipatikani kwa kodi peke yake. Kuna kilemba, yaani pesa ya kuingilia inayolipwa mbali na kodi, na mtu mwenye mtaji wa marobota matatu hawezi hata kuuliza. Huyu ninayemzungumzia yuko ghorofa ya tatu, mwisho wa ukumbi, nyuma ya ngazi ambayo yule binti wa dada yangu alipoipanda ilibidi apumzike mara mbili. Hapiti mtu wa kutembeatembea huko. Kwa hesabu za zamani duka hilo lingefungwa kabla ya mwaka kwisha, lakini linaishi kwa sababu wateja wake hawapiti: wako Songea, Kigoma na Shinyanga, na yupo mmoja Muscat ambaye mzigo wake huchukuliwa na ndugu anayesafiri. Hahitaji kumpendeza kila anayekatiza barabarani. Anachohitaji ni watu mia mbili au mia tatu, waliotawanyika nchi nzima, wanaopenda kitu kilekile, na watu hao katika mji mmoja huwezi kuwakusanya.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa viatu. Mwanamke anayevaa namba 43 katika mji wa kadiri ya Songea hana duka, na hawezi kuwa nalo, kwa kuwa wenzake ni wachache mno kumfanya mtu akalishe mtaji wake rafuni akiwasubiri. Nimefanya kazi na mwalimu wa namna hiyo. Miaka yote alivaa kandambili za kiume na kusema kwamba viatu vya kike havipendi. Leo wapo wauzaji wanaoweka viatu vya kike vya namba kubwa peke yake, na mwenzangu huyo, ambaye kwa maneno yake mwenyewe alikuwa hapendi viatu, anavyo jozi tano na ana maoni makali kuhusu visigino. Ndivyo ilivyo pia kwa vijana wa mitumba wa soko la Karume, Ilala, ambao badala ya kumwaga balo zima chini wanachambua mashati ya kitani peke yake, au koti za jinzi peke yake, na kuyapiga picha moja moja yakiwa yamepigwa pasi. Shati la kitani lililokuwa likifukiwa chini ya lundo sasa lina mwenyewe anayelisubiri Moshi.

Wanaoamini kwamba biashara ya mtandaoni ni ya makampuni makubwa tu wakumbuke yaliyotokea hapa nchini. Jumia, kampuni iliyoanzishwa Nigeria mwaka 2012 na kusambaa katika nchi nyingi za Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019. Kampuni ilikuwa na mtaji na matangazo. Wauzaji wa fremu moja, wenye simu, namba ya malipo na kijana wa bodaboda, walikuwapo kabla yake na wakaendelea baada yake. Sisemi hivyo kuishangilia hasara ya mtu. Nasema tu kwamba mnunuzi wa kwetu anataka kumuuliza mtu swali na kujibiwa na mtu, na kwa hilo mwenye duka dogo hakuhitaji kujenga ghala.

Kwa kanga, kwanza, jambo hili si geni hata kidogo. Historia ya vazi hili inaeleza kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani, waliokuwa wakiuziwa leso za mraba zilizokatwa kutoka kwenye jora, walianza kununua leso sita kwa pamoja, wakaziunga tatu juu na tatu chini wakapata vazi walilolitaka wao. Wenye maduka waliona, wakaagiza kitambaa kilichochapishwa hivyo moja kwa moja, na viwanda vya Uingereza, Uholanzi, India na baadaye Japani vikachapa kwa kufuata jicho la wanawake ambao wachapaji hawakuwahi kuwaona. Mombasa, katika Barabara ya Biashara, lipo hadi leo duka la ukoo wa Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887, ambalo alama yake ya "K.H.E. Mali ya Abdulla" mama yangu aliitafuta pindoni kabla hata hajasoma jina. Naye aliishi Pangani, na hakufika Mombasa zaidi ya mara mbili maishani. Aliagiza kwa nahodha, kwa shangazi, kwa yeyote aliyekuwa akienda, akieleza kwa mdomo rangi anayoitaka, na mara nyingi akaletewa nyingine. Tofauti yangu na yake ni kwamba mimi naiona kabla haijapanda chombo.

Nimeahidi kuifikia chembe ya ukweli. Ni kweli kwamba kuna ununuzi wa simu unaofuta jicho la mtu, na nimeuona nyumbani kwangu. Mjukuu wangu hamwandikii muuzaji yeyote. Yeye hutelezesha kidole, na kila anapotua kwenye gauni la rangi ya maziwa, programu humletea magauni kumi ya rangi ya maziwa, hadi akaamini kwamba dunia nzima imeacha rangi nyingine. Alipokwenda kwenye kicheni pati ya rafiki yake alikuta wenzake watano ndani ya gauni hilohilo, kutoka kurasa tano tofauti, zote zikiwa zimenunua kwa muuzaji mmoja wa jumla. Mashine ile inakupa ulichotazama jana. Haiwezi kukuuliza kama pindo uliwahi kulifikiria. Tofauti ninayoiona mimi kati ya mjukuu na bibi yake si ya umri wala ya simu, kwa kuwa simu yake ni nzuri kuliko yangu. Ni kwamba yeye ananunua kutoka kwa picha, nami nanunua kutoka kwa mtu.

Wauzaji nao wana sehemu yao ya lawama. Sijui ni nani aliyewafundisha kuandika "bei njoo inbox" chini ya kila picha. Mwenye duka mtaani akikataa kutaja bei mpaka umfuate stoo utamdhania vibaya, na mtandaoni ni vilevile: mnunuzi huhisi anapimwa uwezo kabla ya kutajiwa. Nguo nayo isiandikwe "saizi zote" wala "free size", maneno ambayo hayajawahi kumkaa mtu yeyote ninayemfahamu. Iandikwe urefu na upana wa kifua kwa sentimita, tupime wenyewe kwa futi ya cherehani. Nimewahi pia kutapeliwa, nisijifanye mjanja. Nililipia makubadhi ya ngozi kwenye ukurasa uliokuwa na wafuasi wengi na picha safi sana, na baada ya muamala kupita sikuweza kuuona tena ukurasa ule wala namba ile haikupokea. Kosa langu lilikuwa kuhesabu wafuasi badala ya kuuliza maswali. Muuzaji wa kweli wa makubadhi angejua kuniambia soli imeshonwa au imegundishwa.

Kwa upande wa Serikali, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua mkataba uliofanywa kwa njia hii na ina vifungu vya kumlinda mlaji, lakini sijaona bango hata moja, kituo cha basi wala ofisi ya kata, linalomweleza mwananchi wa kawaida aanzie wapi anapotapeliwa pesa ya doti moja. Biashara hii ni ya pesa ndogondogo, nayo huumia kwa pesa ndogondogo. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza tarehe 15 Julai 2021, kabla haijapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba, majirani zangu wengi walirudi kumtumia dereva noti mkononi, na anayejua barabara ya Songea hadi Dar es Salaam anajua mambo mangapi yanaweza kuipata noti njiani. Hata vifurushi vyenyewe vinasafiri kwa imani. Mzigo hupelekwa kituo cha Magufuli pale Mbezi, huandikwa jina na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito, muuzaji hukupigia picha risiti, na wewe unakwenda stendi usiku kumwamkia kijana wa mizigo ukimtajia rangi ya mfuko. Ukipotea, risiti husema kwamba kampuni haihusiki. Ningependa wenye mabasi waweke utaratibu wa kufidia mzigo mdogo uliotajwa thamani yake, hata kwa kutoza nyongeza kidogo. Sisi wanunuzi wa mikoani tungelipa, na maduka ya fremu moja yangeuza zaidi.

Na duka la hapa Songea nililokuwa nikinunua kanga, je, nimeliua? Nililifikiria hilo, maana mwenyewe ni mtu tunayeheshimiana, na miezi ya mwanzo nilipita upande wa pili wa barabara kwa aibu. Kanga ameacha kuziagiza kwa wingi, ni kweli. Lakini basi lilelile linalonishushia mzigo usiku huondoka alfajiri, na siku hizi hupanda na ndoo zake za dagaa wa Nyasa na mifuko yake ya kahawa ya Mbinga, zikienda kwa watu wa Ruvuma walioko Dar es Salaam ambao kwa miaka mingi walikula dagaa wowote waliouzwa jirani. Juzi aliniita nimsomee ujumbe wa mteja wa Mbagala, kwa kuwa miwani yake ilikuwa imevunjika. Mteja alitaka kujua kama dagaa wameanikwa kichanjani au mchangani, kwa sababu wa mchangani wanamkwaruza meno. Rafiki yangu amekaa kaunta miaka ishirini na minane na hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Alishinda asubuhi nzima akimtafuta kwa simu mvuvi wa Mbamba Bay, na hadi naondoka dukani alikuwa bado anabishana naye.

Wako msomaji,

Mwalimu mstaafu,
Mfaranyaki, Songea.